Dhahabu imo kwenye mbale, mbona haitoki?

Mchimbaji akishapata karatasi ya maabara inayoonyesha kuwa mbale yake, yaani jiwe lenye madini, ina gramu 10 za dhahabu kwa tani, swali linalofuata huwa ni bei ya mtambo. Ni swali la haki, ila limewahi mno. Karatasi ile imemweleza dhahabu ni kiasi gani; haijamweleza imekaaje ndani ya jiwe. Mbale ya gramu 10 inayoachia asilimia 40 ya dhahabu yake inatoa gramu 4 kwa tani. Mbale ya gramu 5 inayoachia asilimia 90 inatoa gramu 4.5. Yule mwenye jiwe "tajiri" amepitwa, na gramu zake 6 zimekwenda na marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya dhahabu kutolewa.

Sisi tunaofanya utafiti wa uchenjuaji, yaani kutenga dhahabu na jiwe, tunatumia sehemu kubwa ya muda wetu kwenye swali hilo moja: imekaaje?

Kuna dhahabu ya chembe huru, iliyojilaza kwenye nyufa za kwatzi, nyingine yaonekana hata kwa lenzi ya mkononi. Hiyo haina usumbufu. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina uzito wa gramu 19.3, ya kwatzi gramu 2.65 tu, kwa hiyo maji yakipita, kwatzi inaondoka na dhahabu inabaki chini. Kuna nyingine imefungiwa ndani ya madini yenye salfa, hasa pairaiti na asenopairaiti, ikiwa na chembe ndogo kuliko mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita), au imesambaa ndani ya fuwele lenyewe atomi moja moja. Kinu cha kawaida husaga jiwe hadi mikroni 75 hivi. Punje ya pairaiti ya ukubwa huo inaweza kuficha chembe nyingi za dhahabu ambazo hakuna kimiminika kitakachozigusa. Jiwe la namna hiyo tunaliita mbale sugu.

Tatizo hili si la jana. Dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ilipogunduliwa mwaka 1886, miaka ya mwanzo kazi ilikuwa nyepesi. Mwamba wa karibu na uso wa ardhi ulikuwa umeliwa na hewa na maji ya mvua kwa muda mrefu sana. Pairaiti ilikwisha kugeuka kutu, dhahabu ikabaki wazi, na zebaki iliyopakwa kwenye mabamba ya shaba ikawa inainasa. Migodi ilipovuka tabaka hilo kwenda chini, karibu mwaka 1890, wakakutana na mwamba ambao pairaiti yake haijaguswa. Zebaki ikashindwa. Thamani ya hisa za migodi ikaanguka na wengi wakaamini Johannesburg imefika mwisho wake. Wakati huohuo vipimo vilikuwa vikisema dhahabu ipo, na kweli ilikuwepo.

Kilichowaokoa kilitoka kwenye maabara ya Glasgow, Uskoti. John Stewart MacArthur, mkemia, pamoja na ndugu wawili madaktari, Robert na William Forrest, walikuwa wamepata hataza mwaka 1887 ya kuyeyusha dhahabu kwa maji yenye sayanaidi kidogo, kisha kuirudisha kuwa metali kwa kutumia zinki. Sayanaidi, ikisaidiwa na oksijeni ya hewani, iliweza kuifikia dhahabu laini ambayo zebaki haikuweza kuishika. Mwaka 1890 njia hiyo ikaingia Witwatersrand, na uchimbaji ukaendelea.

Tangu hapo imejengeka imani kwamba sayanaidi ni dawa ya kila mbale. Siyo. Sayanaidi inayeyusha dhahabu inayoifikia, basi. Iliukuta mwamba wa Witwatersrand ukiwa wa kufikika. Mwamba wako huenda sivyo, na namna ya kujua ni kuupima.

Kipimo chenyewe hakina makuu, nami nakipenda kwa sababu kinaeleza mengi kwa gharama ndogo. Tunachukua kilo 1 ya mbale iliyosagwa, tunaitia kwenye chupa na kilo 1.5 ya maji, halafu tunaongeza chokaa hadi pH, kipimo kinachoshuka maji yakiwa na tindikali zaidi, ifike 10.5 au 11. Chokaa hutangulia siku zote. pH ikishuka hadi karibu 9, sehemu kubwa ya sayanaidi hugeuka gesi ya haidrojeni sayanaidi, nayo inaua haraka; ndiyo maana tindikali haikai meza moja na sayanaidi. Chokaa ikishatulia ndipo sayanaidi inaingia, na chupa inalazwa juu ya mashine ya kuizungusha ili izunguke bila kusimama. Saa ya 2, ya 6, ya 24 na ya 48 tunachota maji kidogo na kupima dhahabu iliyoyeyuka. Mwisho tunapima na mchanga uliobaki.

Namba hizo ukizichora unapata mstari, na mstari ule unazungumza. Ukipanda upesi na kutulia kwenye asilimia 90, mbale ni nyepesi. Ukipanda polepole na saa ya 48 ukawa bado unapanda, huenda kuna chembe kubwa zinazohitaji muda. Afadhali kuzitoa kwanza kwa uzito wake kabla ya sayanaidi. Ukikwama kwenye 40, tunasaga upya hadi mikroni 20 au chini ya hapo na kurudia. Ikiongezeka sana, tatizo lilikuwa ni ukubwa wa punje. Isipoongezeka, dhahabu imo ndani ya fuwele, na hakuna kinu kitakachokusaidia. Lakini mstari unaonishtua kila nikiuona ni ule unaopanda halafu ukashuka. Dhahabu iliyeyuka, kisha ikatoweka kwenye maji! Mwamba wa aina hiyo una kaboni yake ya asili, nayo inainyonya dhahabu na kuirudisha kwenye mchanga. Tiba yake mara nyingi ni kutia mkaa maalumu, kwa kawaida wa vifuu vya nazi, tangu mwanzo ili uiwahi dhahabu kabla mwamba haujaiwahi.

Chupa hiyohiyo inaonyesha sayanaidi iliyoliwa. Mwamba wenye madini ya shaba unaweza kumaliza sayanaidi yote kabla dhahabu haijapata kitu, na gharama ya kemikali pekee ikameza faida.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu marudio, maana afya za watu zimo humo. Mbale inapokataa, wengi huongeza zebaki, na ikishindikana marudio yaleyale hupelekwa kwenye matangi ya sayanaidi. Zebaki haiwezi kuifikia dhahabu iliyofungiwa, hata ukiimwaga ndoo nzima. Ila sayanaidi inaweza kuyeyusha zebaki iliyobaki kwenye mchanga na kuisafirisha na maji hadi mtoni. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, umeutaja mtindo huu waziwazi kati ya yale ambayo nchi zenye wachimbaji wadogo zinapaswa kuyakomesha, sambamba na kuchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu mahali pa wazi na kuuchoma kwenye makazi ya watu.

Mbale ikithibitika kuwa sugu, njia zipo, ila kila moja ina bei yake. Njia ya zamani ni kuchoma pairaiti ili ifunguke. Mgodi wa Giant huko Yellowknife, Kanada, ulifanya hivyo kuanzia mwaka 1949. Mbale yake ilikuwa na aseniki, na baada ya uzalishaji kukoma mwaka 2004 kulibaki takribani tani 237,000 za vumbi la oksaidi ya aseniki zilizohifadhiwa chini ya ardhi. Sumu hiyo huyeyuka kwenye maji na haiozi, kwa hiyo mji ule utailinda kwa vizazi na vizazi.

Njia nyingine ni kuipika mbale ndani ya matangi ya shinikizo kubwa yenye oksijeni, kwenye joto la nyuzi 200 hivi. Mgodi wa McLaughlin huko California ulianza hivyo mwaka 1985. Nyingine, inayonivutia zaidi, ni ya bakteria. Mwaka 1947 walitambuliwa bakteria wanaoishi kwenye maji ya migodi yenye tindikali, wakijipatia nguvu kutoka kwenye chuma na salfa. Mwaka 1986 mgodi wa Fairview, karibu na Barberton, Afrika Kusini, ukawapa kazi rasmi: matangi yenye hewa na joto la nyuzi 40 hivi, ambamo bakteria hula pairaiti kwa siku kadhaa hadi dhahabu ibaki wazi.

Hakuna kati ya hizi inayomfaa mwenye tani chache kwa siku. Ushauri wangu kwake ni kukusanya madini yenye salfa peke yake, kwa uzito au kwa povu linaloyabeba juu ya maji, kisha kuyauza kwa mwenye mtambo unaoyaweza. Na ikiwa hesabu haikubali, asijenge. Naumia kuona akiba ya familia nzima imezikwa kwenye zege la matangi kabla kilo moja haijapimwa.

Hata hivyo kipimo hakina maana kama sampuli ni mbovu. Mbale ya gramu 5 kwa tani, ukipima gramu 30, dhahabu yote iliyomo ni sawa na chembe moja yenye upana wa robo milimita. Chembe hiyo ikiangukia kijiko cha jirani, chako kinasoma sifuri. Ikiangukia chako na mwenzake mmoja, unajiona tajiri. Kwa hiyo usichague mawe yanayometa. Kata mfereji kuvuka mkanda wote wa mbale, ponda vyote, changanya, gawa mara nne, na upime zaidi ya mara moja. Mwamba uliooza wa juu na mwamba mbichi wa chini viwe mifuko miwili tofauti, maana ule wa juu ukitoa asilimia 90 haukuahidi chochote kuhusu wa chini.

Ukifika maabara, mbali na dhahabu, omba wapime salfa, aseniki, shaba na kaboni, na udai namba ya dhahabu iliyobaki kwenye mchanga baada ya jaribio la chupa. Namba ya mwisho hiyo ndiyo ya kwenda nayo kwa muuza mitambo.