Ekra nyeusi ya Linux si ordinateri kufa

Bandugu, ile mesaji inazunguka tena mu magrupe ya WhatsApp hapa Goma, eti Linux (programu kubwa inayoendesha ordinateri, kama vile Windows) ikiwaka na ekra nyeusi yenye maandishi tu basi imeingia virusi, peleka wafute yote, si ya kweli. Linux ilianza 1991 ikitumika kwa maandishi, madirisha (zile picha na viboksi vya kubonyeza kwa ekra) na maus ni programu ingine inayowekwa juu yake, isipokuwepo mashini inafanya kazi tu, na maserva mengi ya intaneti (mashini zinazotumikia batu wengine) yako vile kwa makusudi juu inakula memori kidogo.

Angalia mwenyewe: ukiona neno login, andika jina lako, kisha neno la siri (herufi hazionekani, ni kawaida, hapa ndo batu wengi wanaogopa), kisha andika ls, utaona mafaili yako. Mu Linux nyingi za sasa andika pia systemctl get-default. Ikijibu multi-user.target, imepangwa kuwaka bila madirisha. Ikijibu graphical.target na madirisha hayakuji, kuna kitu kimekwama upande wa madirisha, na mara nyingi kinarekebishika bila kufuta kitu.

Inaniuma sana mwanafunzi akipoteza TFC yake (kazi ya kumaliza masomo) juu ya mesaji kama hii, tafazali ikikufikia usiitume kwa wengine.