Mitumba si Nguo za Marehemu

Wapo wanaoamini hadi leo kwamba nguo za mitumba ni mavazi ya marehemu, imani ambayo jina la zamani la "kafa Ulaya" liliizidishia nguvu. Kwa kweli, nyingi hutolewa na watu walio hai, waliozichoka au walionenepa, kisha hukusanywa na mashirika ya hisani na wafanyabiashara, zikachambuliwa kwa madaraja na kufungwa mabalo. Balo linapofunguliwa asubuhi Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, si ajabu kukuta shati ambalo lebo yake ya dukani bado inaning'inia, kwa kuwa baadhi ni masalio yaliyokosa wanunuzi. Mimi hukagua kwanza kola na kwapa, maana huko ndiko uchakavu unakojificha.