Ujasiriamali wa Kijamii na Ubunifu wa Kijamii: Maana na Manufaa Yake ya Kudumu

Ujasiriamali wa kijamii ni biashara inayoanzishwa ili kutatua tatizo la jamii, ikajiendesha kwa kuuza bidhaa au huduma, na sehemu kubwa ya faida yake ikarudi katika kazi hiyo hiyo. Ubunifu wa kijamii ni ile njia mpya yenyewe ya kutatua tatizo. Dhana hizi huchanganywa mara kwa mara, ilhali ubunifu usiokuwa na biashara ya kuubeba huwa haudumu.

Tuwatazame dagaa wa Ziwa Tanganyika katika mialo ya Kigoma, yaani fukwe ambako wavuvi hushusha samaki. Wakianikwa mchangani hushika mchanga, na mvua ikinyesha ghafla huharibika kabla ya kuanuliwa, hivyo mchakataji, ambaye mara nyingi ni mwanamke aliyewachukua kwa mkopo, hubaki na deni. Kichanja cha nguzo na wavu, kilichoinuliwa usawa wa kiuno, hupitisha hewa juu na chini. Dagaa hukauka upesi, hubaki safi na huuzika kwa bei nzuri zaidi. Huo ni ubunifu kamili, ingawa hauna mtambo wowote.

Hata hivyo, wavu huchanika na nguzo huliwa na mchwa. Kichanja cha mradi, mfadhili akishaondoka, hakina wa kukitengeneza, na hapa ndipo juhudi nyingi njema hupotea. Tuseme sasa kwamba vichanja ni mali ya kikundi cha wanawake wa mwaloni, wanaotoza ada ndogo kwa kila ndoo inayoanikwa, wakatenga fungu la matengenezo na fungu la kukopeshana wakati wa mbalamwezi, ambapo uvuvi wa taa hupungua na fedha huadimika. Kikundi hicho hakimsubiri mtu. Grameen Bank ya Bangladesh, iliyoanzishwa na Muhammad Yunus na kuwa benki rasmi mwaka 1983, ilipata nguvu kwa njia inayofanana na hiyo: wakopaji wenyewe, wengi wao wanawake wa vijijini, ndio wenye hisa nyingi.

Mtaji wa kuanzia unaweza kutoka halmashauri za Tanzania, ambazo kisheria hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fursa kubwa, mradi marejesho yapangwe kwa kufuata mwezi wa wavuvi, kwa maana siku za mbalamwezi mchakataji hana dagaa wa kutosha wa kuanika wala wa kuuza.