Gobi si bleni

Samaki mdogo akishatua juu ya tumbawe tu, picha yake huandikwa "gobi au bleni", kana kwamba ni majina mawili ya kiumbe kimoja. Sivyo. Gobi ni samaki yeyote wa familia ya Gobiidae; bleni ni wa familia nyingine, Blenniidae. Miongoni mwa wanaojaa kwenye matumbawe ya bahari za joto ni wale wa jenasi Eviota, na wengi wao hawafikii sentimita 3 hata wakikomaa.

Jina lenyewe halisaidii. Linnaeus, Mswidi aliyeweka mfumo wa kuwapa viumbe majina ya kisayansi, aliandika Gobius mwaka 1758, neno la Kilatini lililotokana na kobios la Kigiriki. Kilatini hichohicho kimempa jina Gobio, samaki wa mtoni wa jamii ya kapu (carp), asiye na undugu na huyu wetu. (Jangwa la Gobi nalo lina jina la Kimongolia, tuliache.) Bleni angalau jina lake lina habari: blennos kwa Kigiriki ni ute, na wengi wao huteleza, hawana magamba.

Kinachopotosha zaidi ni ile kanuni ya kikombe: kwamba gobi hutambulika kwa mapezi ya tumbo yaliyoungana yakawa kikombe cha kujishikiza mwambani. Kwa gobi wengi ni kweli. Kwa Eviota haisimami, maana utando wa kuyaunganisha mapezi hayo ni haba mno, na kila pezi linaonekana peke yake. Mtu hutafuta kikombe, hakioni, anaandika "bleni".

Tazama mgongoni. Gobi ana mapezi mawili: la mbele fupi lenye miiba myembamba, kwa kawaida sita, kisha pengo, kisha la pili. Bleni ana moja refu, toka kisogoni hadi karibu na mkia, hata kama limebonyea katikati. Tatizo la picha ni kwamba gobi aliyetulia hulilaza pezi la mbele, likapotea, subiri alisimamishe.

Wala udogo si utoto. Eviota sigillata hazidishi siku 59 za kuishi, na humohumo hukua, hutaga na hufa.

Kwa hiyo usipoona kikombe, hesabu kwanza mapezi ya mgongo. Ila samaki aitwaye Pholidichthys leucotaenia, anayeuzwa kwa majina yote mawili, usihangaike naye: si gobi, si bleni.