Kabla ya kujiandikisha kozi ya falsafa, fungua muhtasari wake

Kila muhula unapoanza hunijia wanafunzi wa fani nyingine, wahandisi, wahasibu, wauguzi, wakiwa na nafasi moja ya kozi ya hiari na swali lilelile: "Mwalimu, ipi nyepesi?" Siwalaumu. Wastani wa alama unawanyima usingizi, na falsafa imejijengea sifa ya kuwa somo la maongezi ambalo mtu hawezi kukosea. Sifa hiyo ndiyo inayowaponza. Baadhi yao nawaona tena wiki ya sita, muda wa kubadilisha kozi umeshapita, mkononi wana insha iliyojaa wino mwekundu na pembeni yake pameandikwa: "Hoja yako iko wapi?"

Mimi huwarudishia swali jingine: humo ndani utakuwa unafanya kazi gani kila wiki? Jina la kozi halisemi. "Falsafa ya akili" huwavuta wapenzi wa saikolojia, kumbe muhula mzima ni kubishana kama maumivu ni tukio la ubongo tu au kuna kilichobaki nje ya ubongo. Metafizikia, yaani uchunguzi wa asili ya vitu vilivyopo, huwavuta wanaotarajia habari za mizimu, wakakutana na meli iliyobadilishwa mbao zake zote, ubao mmoja mmoja, na swali la kama bado ni meli ileile. Kwa hiyo ninachokitazama kwanza katika muhtasari ni mahali zinapotoka alama. Kozi inayopimwa kwa insha mbili ndefu na kozi inayopimwa kwa mazoezi ya kila wiki ni dunia mbili, hata kama zote zimeandikwa "falsafa".

Tuchukue mantiki. Inaogopwa kuliko zote, na ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote, hasa kwa wanaoogopa kuandika. Humo hamna insha. Kuna ishara kama za hesabu, kanuni na mazoezi, na jibu huwa sahihi au si sahihi, kama katika aljebra. Mantiki ya Aristotle ilitawala kwa zaidi ya miaka 2,000, kisha mwanahisabati George Boole akaigeuza kuwa hesabu mwaka 1854, na mwenzake Gottlob Frege akaijenga upya mwaka 1879. Anayesoma kompyuta atakutana na jina la Boole kila siku bila kuambiwa kwamba alikuwa anashughulika na sheria za fikra. Ubaya wa mantiki ni mmoja: ukikosa vipindi vya wiki mbili, ya tatu huielewi, na kukesha usiku wa kuamkia mtihani hakutakuokoa.

Ujipime hapahapa. Mezani kuna kadi nne, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unaona A, D, 4 na 7. Mtu anadai: "Kadi yenye irabu upande mmoja lazima iwe na namba shufwa upande wa pili." Ni kadi zipi, na hizo tu, unazopaswa kuzigeuza ili kujua kama anasema kweli? Mwanasaikolojia Peter Wason alilibuni fumbo hili katika miaka ya 1960, na walio wengi hulikosea, wasomi wakiwemo. Liweke kichwani, tutalirudia.

Kozi ya nadharia ya maarifa ina ladha nyingine. Huko utasoma kurasa chache mno, lakini utazisoma mara nne. Mfano unaofundishwa karibu kila mahali ni wa saa iliyosimama. Umeingia chumbani, ukatazama saa ya ukutani, inaonyesha saa nane na robo. Ukaamini kwamba ni saa nane na robo, na kweli ni saa nane na robo. Ila saa ile ilikufa jana, muda kama huohuo. Je, ulijua ni saa ngapi? Uliamini, ulichoamini ni kweli, na ulikuwa na sababu nzuri ya kuamini. Bado wengi wetu tunasita kusema ulijua. Mwaka 1963 mwanafalsafa Edmund Gettier alichapisha makala ya kurasa tatu akitumia mifano ya aina hii dhidi ya maana ya maarifa iliyokuwa imezoeleka, yaani imani ya kweli yenye sababu nzuri, na ubishi haujaisha hadi leo. Kama mfano huu umekukera, ukaanza kutafuta namna ya kuuzima, kozi hii ni yako. Kama umeona ni mchezo wa maneno tu, usijitese, chukua nyingine.

Kuhusu maadili nitasema machache, kwa kuwa hapo wanafunzi hujaa bila kuitwa. Angalia tu kama ni nadharia ya maadili au ni maadili ya fani fulani, kama tiba au biashara. Muuguzi ambaye kitivo chake tayari kinamfundisha maadili ya tiba atarudia mambo aliyokwisha kuyasikia. Kozi ya hiari iliyo karibu mno na fani yako mara nyingi ni nafasi iliyopotea.

Kozi ambayo wasemaji wa Kiswahili huipita bila kuitazama, na inaniuma, ni falsafa ya Kiafrika. Wanadhani ni methali na hadithi za wazee. Mwaka 1969 John Mbiti, mwanafalsafa na mwanateolojia wa Kenya, alidai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una pande mbili, akaziita kwa maneno ya Kiswahili, Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao unaozidi miaka miwili hivi hauna nafasi ya maana. Ushahidi wake mmoja ulikuwa nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu. Mwanafalsafa Kwame Gyekye alimpinga kwa kutumia lugha ya Kiakan ya Ghana. Mwanafalsafa wa Benin, Paulin Hountondji, alikwenda mbali zaidi, akahoji kama fikra za jamii nzima zinaweza kuitwa falsafa hata kidogo. Mwanafunzi anayekijua Kiswahili anaingia kwenye ugomvi huu na silaha mkononi. Lugha yake ina kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo. Ina -ta- ya wakati ujao isiyo na kikomo cha miaka. Je, hayo yanamjibu Mbiti, au sarufi haithibitishi chochote kuhusu fikra? Nimewahi kusahihisha insha nzuri sana za pande zote mbili.

Kozi za mwanafalsafa mmoja ziache kwanza. Kitabu kikuu cha Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, cha mwaka 1781 kina kurasa zaidi ya 800 katika toleo lake la kwanza, na hata sisi tunaokifundisha hutulazimu kurudi nyuma aya kwa aya. Masharti ya awali kwenye muhtasari, yaani kozi unazotakiwa kuwa umezisoma kwanza, hayakuwekwa kwa mapambo.

Ukishapata kozi mbili zinazokuvutia, nenda kahudhurie kipindi cha kwanza cha kila moja kabla dirisha la kubadilisha halijafungwa. Kisha mwombe mhadhiri maswali ya insha ya mwaka uliopita. Hakuna mhadhiri wa maana atakayekunyima. Chagua swali moja, jaribu kuandika ukurasa mmoja tu, bila kusoma chochote. Ukikwama kwa sababu huna la kusema, hiyo ni dalili moja. Ukikwama kwa sababu kila sentensi unayoiandika unaiona ina tundu, hiyo ni dalili nyingine kabisa, na mimi ningejiandikisha siku hiyohiyo.

Tulizisahau kadi. Unageuza A na 7. Wengi hugeuza A na 4, lakini 4 haiwezi kumuumbua mdai: hakusema kwamba namba shufwa lazima iwe na irabu, kwa hiyo nyuma yake pawe na herufi yoyote, dai lake linabaki salama. D haimhusu. Ila 7 ni witiri, na nyuma yake pakiwa na irabu dai limeanguka.