Kazi ya Kupanga Stesheni na Usafiri wa Reli: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Vijana wengi wanaovutiwa na reli huiacha taaluma hii kabla hawajaigusa, si kwa sababu hawaiwezi, bali kwa sababu wamesikia mambo yasiyo ya kweli kuihusu. Kiini cha kazi ya mpangaji ni kujua watu wangapi watasafiri, kutoka wapi kwenda wapi, saa ngapi, na watapita vipi bila kukwama wala kuumia. Anayeanza na maswali hayo hukuta milango mingi zaidi ya ile aliyoonyeshwa.

Dhana: Kazi hii ni ya wahandisi peke yao

Wahandisi wa ujenzi, wa umeme na wa mifumo ya ishara hawana mbadala, lakini swali la nani atapanda treni si la zege wala chuma. Reli ya BART katika eneo la San Francisco ilipokuwa ikijengwa, makadirio rasmi yalisema kwamba asilimia 15 ya safari za kwenda kazini zingefanyika kwa treni hizo. Mwanauchumi Daniel McFadden na wenzake, ambao walichunguza jinsi wakazi walivyolinganisha muda, gharama na njia nyingine za usafiri walizokuwa nazo, walikadiria asilimia 6.3; reli ilipoanza kazi, hali halisi ikawa asilimia 6.2. Mwaka 2000 McFadden alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa mbinu zake za kuchambua namna watu wanavyochagua, na mbinu hizo zingali zinatumika katika ofisi za mipango ya usafiri.

Kwa hiyo aliyesomea uchumi, jiografia, takwimu, mipango miji, usanifu majengo au sosholojia ana nafasi yake. Asichoweza kukikwepa yeyote ni hesabu, pamoja na uwezo wa kuandika ripoti ambayo diwani au mkazi wa kawaida ataielewa.

Dhana: Kupanga stesheni ni kuchora jengo zuri

Hapa ndipo watu wanapopotoka zaidi. Jengo huja baadaye. Kwanza huja mtiririko wa watu. Tuseme treni inashusha abiria 700, na njia pekee ya kutoka jukwaani ni ngazi yenye upana wa mita 4. Kila mita ya upana wa ngazi hupitisha takribani watu 35 kwa dakika wote wanapoelekea upande mmoja, hivyo ngazi hiyo itapitisha watu 140 kwa dakika, na jukwaa litahitaji dakika 5 ili liwe tupu. Ikiwa treni zinafika kila baada ya dakika 3, abiria wa treni ya pili watashuka kabla wa kwanza hawajaisha, na msongamano utaongezeka kwa kila treni inayoingia, hata kama paa ni la vioo na sakafu ni ya marumaru. Hesabu hiyo fupi, ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza, ndiyo huamua iwapo ngazi ya pili itajengwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mhandisi John Fruin wa Marekani alipanga hali za msongamano wa watembeao kwa miguu katika madaraja kuanzia A, ambapo kila mtu hutembea kwa mwendo wake mwenyewe, hadi F, ambapo watu wanasukumana na mwendo unakaribia kukoma. Usalama nao una vipimo vyake: kiwango cha NFPA 130, kilichotungwa Marekani na kutumika pia nje yake, hulenga jukwaa liweze kuwa tupu ndani ya dakika 4 wakati wa dharura, na watu wote wawe wamefika mahali salama ndani ya dakika 6.

Wakati mwingine marekebisho makubwa hayahitaji ujenzi wowote. Mwaka 2015, katika stesheni ya Holborn jijini London, abiria waliombwa kusimama pande zote mbili za ngazi ya umeme badala ya kuacha upande mmoja kwa wanaotaka kuipanda kwa miguu. Kwa kuwa ngazi ile ni ndefu na wachache tu hupenda kuipanda kwa miguu, upande wa kutembelea ulikuwa ukibaki karibu mtupu. Wote waliposimama, idadi ya waliopita iliongezeka kwa takribani asilimia 30 wakati wa msongamano. Mpangaji mzuri huanza kwa kutazama miguu ya watu, na naamini hakuna darasa linaloshinda hilo.

Dhana: Reli hujengwa kwanza, ratiba hupangwa baadaye

Uswisi ilifanya kinyume chake. Katika mpango wa Bahn 2000, ambao wananchi waliupigia kura mwaka 1987, ilikusudiwa kwamba treni zikutane katika stesheni kuu kwa nyakati zinazojirudia, ili abiria abadilishe treni bila kusubiri sana. Ili hilo liwezekane, safari kati ya Zurich na Bern ilipaswa kuchukua chini ya saa moja, na kipande kipya cha reli kilijengwa kutimiza sharti hilo, kikaanza kutumika Desemba 2004. Ratiba ndiyo iliyoamua reli. Anayependa kupanga ratiba, basi, hajachagua kazi ya ukarani. Yuko mahali ambapo uwekezaji wa miaka mingi huamuliwa.

Dhana: Mahitaji ya watu wenye ulemavu ni nyongeza ya mwishoni

Vigae vya njano vyenye vinundu na michirizi vilibuniwa na Seiichi Miyake wa Japani mwaka 1965, na viliwekwa kwa mara ya kwanza katika mji wa Okayama mwaka 1967. Vinundu humwambia asiyeona asimame. Michirizi humwonyesha mwelekeo. Mpangaji akiviweka baada ya kila kitu kukamilika, michirizi huishia kwenye nguzo au kwenye kibanda cha tiketi. Lifti ni vivyo hivyo: isipotengewa nafasi kwenye mchoro wa kwanza, gharama yake hupanda mno au huachwa kabisa.

Dhana: Matunda ya kazi huonekana haraka

Sheria ya kuruhusu ujenzi wa reli ya Elizabeth jijini London ilipitishwa mwaka 2008, na treni zikaanza kubeba abiria mwaka 2022. Anayeanza kazi leo huenda akapandishwa cheo mara kadhaa kabla mradi wake wa kwanza haujafunguliwa.

Dhana: Bila mtu wa kukuingiza huna pa kuanzia

Chagua stesheni moja. Katika saa za msongamano, hesabu wanaoingia na wanaotoka kwa kila mlango, ukiandika idadi kila baada ya dakika 15. Chora ramani yenye mishale, unene wa kila mshale ukilingana na idadi ya watu, kisha eleza kwa ukurasa mmoja ni wapi watu wanakwama na kwa nini. Karatasi hizo ziambatishe kwenye barua ya maombi ya kazi, kwa sababu anayekusaili atakuwa na jambo la kukuuliza zaidi ya alama zako za chuo.