Kabla hujachomeka ruta yako hosteli, soma hii kwanza

Tangu muhula ufunguliwe, hapa kitengo cha TEHAMA tunaletewa lalamiko lilelile kila asubuhi, "waifai imejaa lakini haifunguki kitu", na wengi mnakuja jibu mnalo tayari kwamba chuo kimebana intaneti. Hatujabana. Kwa hosteli shida kubwa muhula huu ni vile viruta mnavyonunua mjini mnavichomeka ukutani, na kwa kuwa naamini wengi hamfanyi makusudi acha nieleze inavyokuwa.

Simu au laptopu ikiingia kwenye mtandao haikimbilii WhatsApp kwanza. Inapiga kelele kwa wote waliopo, jamani nani anagawa anwani hapa? Kuna seva yetu kazi yake ndo hiyo, ya DHCP, inasikia inakupa anwani ya IP, yaani namba ya kifaa chako kwenye mtandao, inakwambia mlango wa kutokea nje ni upi, na ukitaka kujua jina fulani la tovuti liko wapi ukamuulize nani. Sasa na wewe umeleta ruta, waya wa ukutani badala ya kuuweka kwenye lile tundu la WAN, la kupokea intaneti kutoka nje, ambalo mara nyingi hata rangi yake ni tofauti, umeuweka kwenye matundu ya LAN, ya kuunganisha vifaa vya ndani. Ruta nayo inagawa anwani, ndo ilivyotengenezwa! Mwenzako wa chumba cha mbele akipiga kelele zake kifaa chake mara nyingi kinamsikiliza aliyewahi kujibu, na ruta yako ipo floo moja naye, inaiwahi seva yetu, inampa anwani na kumwambia mlango wa kutokea ni mimi hapa, wakati yenyewe haiendi popote. Ni kishoka kasimama getini anapokea wageni wa ofisi isiyo yake. Wewe unalala, floo nzima inatukana chuo.

Na vile vimistari vya waifai havipimi intaneti. Vinapima simu yako inaisikiaje antena ya kwenye dari, basi. Kutoka pale kuna waya mpaka swichi ya floo, kile kisanduku kinachounganisha waya za mtandao, kuna faiba mpaka chumba cha seva, kuna mtoa huduma, halafu baharini huko. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom, nyaya za intaneti za chini ya bahari, ilipopata hitilafu siku moja upande wa kusini, Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia sana na vimistari vilikuwa vimejaa vilevile. Siku ile kuna mtu alinipigia akaniambia nizime antena niwashe.

Kwahiyo kabla hujaja, angalia anwani yako. Kwenye Windows fungua cmd andika ipconfig /all. Kwetu hapa anwani za hosteli zinaanza na 10, ukiona 192.168 ujue umeshapokelewa na kishoka, na ukiona 169.254 maana yake hakuna aliyekujibu kabisa, kompyuta imejipa anwani yenyewe. Piga picha uje nayo. Hiyo picha inatuokolea nusu ya siku, "mtandao mbovu" haituokolei chochote.

Kingine, mliosajili simu mkakataliwa. Simu za sasa, Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14, zinajipa MAC, ile namba ya kutambulisha kifaa, ya kubuni kwa kila waifai, wewe umetuandikia ile ya kiwandani simu inakuja na nyingine, mfumo unaona mgeni. Nenda kwenye mipangilio ya waifai ya chuo peke yake, uchague MAC ya kifaa. Na hapana, kuweka VPN hakuongezi spidi, sijui hii nani aliianzisha.

Utaratibu sasa. Swichi ikikuta tundu la chumba chako linagawa anwani inalifunga yenyewe, hakuna mtu aliyekuchukia. Kufunguliwa unajaza fomu, inasainiwa na msimamizi wa hosteli, unaambatanisha nakala ya kitambulisho, na unakuja na ruta yenyewe, sio picha ya ruta, tuhakikishe DHCP yake imezimwa. Fomu bila saini hatupokei, na saini ya rumeti sio saini ya msimamizi. Ukirudia mara ya pili jalada linaenda kwa Mshauri wa Wanafunzi na hapo sisi hatuna la kusema tena.

Wale wanaobahatisha nywila za antena zetu hiyo ni habari nyingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 4, kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni faini isiyopungua milioni 3 au mara 3 ya faida uliyopata, inayozidi ndo inachukuliwa, au jela isiyopungua mwaka 1, au vyote. Siwatishi, na mimi sio mwanasheria, mwenye wito mkononi aende kwa mwanasheria.

Kama chumbani kwako waifai haifiki kweli, usinunue ruta, tuletee bloku na namba ya chumba tuje kupima. Bloku B floo ya tatu tunajua, tunasubiri ngazi.